Kijani cha Lusiana

Siku Betrida Mgaya alipovaa miwani ya kufundishia mbele ya darasa la watoto wa kweli, nusura ageuke atoke nje. Chuoni walikuwa wamewazoeza kwa vichwa vya plastiki vilivyopangwa juu ya madawati, na vichwa vya plastiki havina makuu: ukibonyeza vinawaka, ukibonyeza tena vinazima. Hapa shuleni Lihanje, Darasa la Nne, kila kichwa kilichonyolewa, ukikitazama kwa miwani, kilikuwa na taa yake ikielea juu kidogo ya utosi, nyingine kijani, nyingine njano, nyingine nyekundu, na chini ya kila taa kulikuwa na macho mawili yanayompima yeye, kama huyu mwalimu mgeni ni mkali au ni wa kuchezea.

Alifundisha sehemu. Nusu, robo, theluthi. Alieleza vizuri, na mwisho wa maelezo likamtoka lile swali ambalo walimu wake wote walikuwa wakimuuliza tangu chekechea.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimuuu!"

Darasa zima, sauti moja, hata vioo vya madirisha vikatikisika. Lakini juu ya vichwa hakuna taa iliyobadilika. Zaidi ya nusu ya darasa ilikuwa njano na nyekundu, na bado walikuwa wanatabasamu.

Nyuma ya darasa Mwalimu Luvanda alicheka mpaka akakohoa. Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kumsimamia Betrida mpaka amalize mazoezi ya kufundisha, mzee mwenye sweta lililochoka viwiko, na juu ya kichwa chake palikuwa na kijani kilichotulia tuli. Maana walimu nao walikuwa na taa.

"Swali hilo tulilizika zamani, binti," alisema watoto walipotoka kwenda kunywa uji. "Huku hatumuulizi mtoto. Tunaiuliza damu yake."

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwanafunzi alivaa kipuli nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya harage, na ndani ya kipuli alikaa Mwenza. Mwenza hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyomfundisha kila mtoto somo lake peke yake, kwa sauti ya chini, huku ikisikiliza mapigo ya moyo na pumzi. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mtu akielewa jambo mwili una namna yake ya kukiri: moyo unaruka kidogo, kisha unatulia, na pumzi inashuka taratibu. Mtulio huo ndio Mwenza alioutafuta. Majibu hakuyajali. Enzi za majibu zilikuwa zimeishia kwenye wizi wa mitihani, kuanzia watoto wanaochungulia kwa jirani mpaka wakubwa wanaouza maswali, na nchi ilikuwa imechoka kudanganywa. Jibu mtoto anaweza kuliiba, walisema wataalamu, lakini mapigo ya moyo ataiba wapi? Mtoto akitulia mara za kutosha, taa yake iligeuka kijani na mada ikafungwa. Mada iliyofungwa haikufunguliwa tena, kwa sababu muda wa Mwenza uligawiwa kwa kipimo na wengine walikuwa wanausubiri.

Mwalimu alibaki na kazi ya kutembea kati ya madawati, kuinama penye nyekundu, na kueleza kwa mdomo kile Mwenza alichoshindwa. Alikuwa pia na haki moja, ambayo Betrida aliikariri chuoni mpaka ikamtoka usingizini: haki ya kutilia shaka. Ukiona taa inasema uongo, unagusa ukingo wa miwani, unataja jina la mtoto, unasema "Natilia shaka," na Mwenza anafungua mada zote za mtoto huyo upya. Ila Mwenza aliikubali shaka ya mwalimu aliyetulia tu. Miaka ya mwanzo walimu walikuwa wakiwatilia shaka watoto kwa hasira, au kwa sababu wamegombana na wazazi wao, na ikaamuliwa kwamba mwalimu ambaye moyo wake unakwenda mbio hana shaka, ana ugomvi. Ndiyo sababu walimu walivalishwa vipuli.

Na mtoto aliyebaki nyekundu mihula mitatu mfululizo, alipumzishwa. Ndivyo walivyoliita jambo lenyewe, kwa neno tamu. Kipuli kinabanduliwa, jina linahamishiwa Mkondo wa Pili, na mtoto anapelekwa kuchuma pareto kwenye mashamba ya mkondo huo kule mlimani. Lihanje hawakumjua hata mmoja aliyewahi kurudi.

Lusiana Tweve alikuwa kwenye muhula wake wa tatu.

Aliketi dawati la dirishani, msichana wa miaka kumi mwenye mashavu yaliyopasuka kwa baridi, na taa yake ilikuwa nyekundu siku nzima. Betrida aliinama karibu naye.

"Nusu na robo, kipi kikubwa?"

Lusiana aling'ata mkono wa sweta lake. Akakunja uso. Akatazama dawati, akatazama vidole vyake, akavihesabu.

"Robo," alisema.

"Kwa nini robo?"

"Robo ina nne, mwalimu. Nusu ina mbili tu. Nne ni kubwa." Halafu, kabla hajaambiwa lolote, uso ukakunjamana zaidi. "Lakini siyo, eeh? Naona siyo." Akashika koo. "Nikiwa sijui panauma hapa."

Betrida alimpenda hapohapo, na huo ndio ukawa mwanzo wa balaa. Mtoto anayeumwa na kutojua ni mtoto anayefundishika. Hilo hakuna aliyemfundisha chuoni, alilijua mwenyewe. Alihitaji muda tu, labda muhula mmoja, na muda ndicho kitu ambacho Lusiana hakuwa nacho.

*

Habari ilikuja kwamba Mkufunzi Kabuje atafika kumkagua. Masharti yalikuwa mafupi. Mwisho wa kipindi darasa lisiwe na nyekundu hata moja. Ikiwepo, mwanachuo anarudia mwaka. Na kule Ludewa baba yake Betrida alikuwa ameshasimama kanisani kwenye matangazo na kusema binti yake ni mwalimu, watu wakapiga makofi.

Kila jioni alibaki na Lusiana baada ya wenzake kuondoka. Alichora mistari, alikunja karatasi, alikata majani. Kuna jioni moja Lusiana alikaribia kabisa: alishika karatasi iliyokunjwa, akaikunja tena, akaikunjua, na taa ikawa njano kwa kitambo. Kisha ikarudi nyekundu na mtoto akaanza kulia.

"Mwombee mafua," alisema Mwalimu Luvanda walipokuwa wakifunga madirisha. "Mtoto mgonjwa hahesabiwi. Mwambie mama yake ambakize nyumbani siku hiyo. Wenzako wote hufanya hivyo."

"Na yeye atapona vipi, mwalimu?"

"Nani, Lusiana? Wewe si umeuliza habari za ukaguzi wako."

"Nimeuliza habari zake."

Luvanda alimtazama kwa huruma, kijani chake kikiwa kimetulia vilevile. "Basi hukuniuliza mimi swali, mwanangu. Umemuuliza Mungu."

Betrida hakulala vizuri. Asubuhi, njiani kwenda shuleni, wazo likamjia likiwa limekamilika. Angepaswa kuliacha palepale. Lakini kila alipolitazama aliona sura mbili, ya Lusiana na ya kwake mwenyewe akiwa na cheti mkononi, na hakuweza kuapa ni ipi iliyotangulia.

Nyuma ya jiko la uji kulikuwa na ukuta uliobaki na joto. Akamketisha Lusiana pale.

"Nitajie kitu unachokijua mpaka huna wasiwasi nacho hata chembe."

Lusiana alifikiri. "Kuwasha moto."

"Moto wa namna gani?"

"Wa kuni mbichi. Mama akiwa hajarudi. Unapuliza, zinatoa moshi tu, macho yanawasha. Unapuliza tena. Halafu zinashika." Alipolisema hilo akashusha pumzi, mabega yakalegea.

Betrida alikuwa amevaa miwani. Juu ya kile kichwa kidogo, nyekundu ilitikisika, ikawa njano, na kwa muda wa kufumba na kufumbua ikawa kijani.

Moyo wa Betrida ukaruka. "Fanya hivyohivyo tena. Usiniambie, waza tu. Puliza. Zimeshika."

Kijani.

"Mimi nina ya kwangu," alimwambia, kumtia moyo. "Nilipokuwa nasoma bweni nilikuwa nikifika nyumbani usiku, nimelowa, nabisha hodi, halafu nasikia mama anavuta komeo kwa ndani. Lile komeo tu. Nikilikumbuka, mwili wote unatulia."

"Kama kuni zikishika."

"Kama kuni zikishika. Sasa sikiliza. Mwenza akikuuliza kitu na pakaanza kuuma hapo kooni, usiung'ang'anie uchungu. Washa moto."

Lusiana alitabasamu, akauliza kitu ambacho Betrida angekuja kukikumbuka sana baadaye. "Na jibu je, mwalimu?"

"Jibu tutalitafuta mimi na wewe baadaye," alisema Betrida. "Muda tutakuwa nao tele."

*

Mkufunzi Kabuje alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa koti la sufu, na alikaa nyuma bila kuandika chochote. Betrida alifundisha. Mwenza alinong'ona katika masikio ya watoto. Taa zikageuka moja moja, na ya mwisho ilikuwa ya dirishani. Lusiana alifumba macho kidogo, akapuliza hewa polepole kati ya midomo, na nyekundu iliyokuwa juu yake mihula mitatu ikazima. Kijani kikawaka, kikatulia.

Darasa zima kijani. Luvanda aliinuka kwenye kiti kwa mshangao, akakaa tena.

"Sijawahi kuona mwanachuo akimtoa mtoto kwenye nyekundu ya namna ile," Mkufunzi Kabuje alisema baadaye, akimshika Betrida mkono kwa mikono yake miwili. "Umezaliwa na kazi hii, mwanangu. Taarifa yako nitaiandika mwenyewe."

Betrida alisema asante. Alisema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alikusudia kuanza na Lusiana jioni hiyohiyo. Lakini jioni hiyo walimu walimwandalia soda na kuku. Kesho yake palikuwa na kikao. Na alipopata nafasi, aliona kitu kipya kwenye miwani: kando ya jina la Lusiana, mada ya sehemu ilikuwa na kufuli. Na chini yake desimali, kufuli. Na chini yake kusoma kwa ufahamu, kufuli. Mtoto alikuwa amepata njia, na anaitumia kila mahali. Mwenza, kwa kuona mwanafunzi aliyetulia namna ile, alikuwa amemkimbiza mbele akimfungia mlango mmoja baada ya mwingine nyuma yake.

*

Mama Lusiana alikuja na beseni la viazi kichwani. Alikuwa na kanga kiunoni juu ya sketi nzito na vidole vilivyobabuka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mchuma pareto, wa kulipwa, si wa mkondo.

"Kamwene, mwalimu," alisalimia kwa salamu ya huko.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea viazi. Sina kingine, lakini hivi ni vya shamba langu." Alitua beseni, kisha akabaki ameinama, kama mtu aliyesahau namna ya kunyooka. "Nimekuja kukushukuru, na nimekuja kutubu. Huyu mtoto nilikuwa namwita zuzu. Mbele ya wenzake. Namwambia, wewe zuzu utakuja kubabuka vidole kama mimi. Kumbe ana akili zake! Wamenipigia simu, wanasema mwanangu ni kijani, hatapumzishwa." Akaanza kulia bila kujificha. "Jana usiku nimempigia magoti mtoto wangu mwenyewe nikamwomba msamaha."

Betrida alitamani ardhi ipasuke. "Mama," alianza, "kuna jambo..."

"Mungu akuzidishie, mwalimu. Mungu akuzidishie."

Jambo likabaki mdomoni. Alipokea viazi kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Mama alipoondoka Betrida alichukua kiazi kimoja na kisu, akamwita Lusiana nyuma ya jiko. Mtoto alikuja akirukaruka. Mashavu yalikuwa yameanza kupona.

"Mwenza anakufundisha nini siku hizi?"

"Hanifundishi kitu, mwalimu. Amenyamaza. Ameniambia nimemaliza."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi." Alisema kwa furaha. "Ninakaa tu. Nawaza moto."

Betrida alikata kiazi katikati. Nusu moja akaiweka juu ya tofali. Ile nyingine akaikata tena, akachukua kipande kimoja. "Hii nusu. Hii robo. Tazama vizuri, hata usihesabu. Kipi kikubwa?"

Lusiana alitazama. Betrida alisubiri ule uso ukunjike. Alisubiri mkono wa sweta upande mdomoni. Mtoto alivuta pumzi, akaishusha polepole kati ya midomo, na uso wake ukabaki laini.

"Robo," alisema.

"Tazama, Lusiana. Macho yako yanaona nini?"

"Yanaona robo, mwalimu. Robo ndiyo kubwa."

"Ukiwa na njaa ungekula kipi?"

"Chochote," alisema Lusiana kwa upole, na akamtazama mwalimu wake kama anayemwonea huruma. "Mwalimu, kwani wewe bado panakuuma?"

Betrida alikiweka kisu juu ya tofali. "Wewe hapakuumi?"

"Hapana. Zamani ndiyo. Sasa hivi hata nikiulizwa nini, najua."

"Unajua nini?"

Lusiana alifikiri kidogo. Swali lilionekana kumshangaza, halafu mshangao nao ukapita. "Najua tu," alisema. "Hata wenzangu wanajua sasa. Tukiwa kwenye foleni ya uji nimewafundisha. Kila mtu amepata cha kwake. Wengine wanawaza mbuzi akizaa."

*

Mwalimu Luvanda alimsikiliza mpaka mwisho. Walikuwa ofisini, mvua ya mlimani ikipiga bati, na Betrida, miwani ikiwa bado usoni, alieleza yote: jiko, kuni, komeo, kiazi. Alilia waziwazi. Alijiita mwongo, alijiita mwizi. Alisema nimemfukuza mtoto kutoka kwenye akili yake mwenyewe, na nilifanya hivyo nikiwa nusu nawaza cheti.

Luvanda hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Betrida. Taa yake haikutikisika hata kidogo.

"Ukimtilia shaka, mada zitafunguka zote kwa mpigo," alisema. "Atakuwa nyekundu papo hapo. Na muhula huu ni wa tatu."

"Najua."

"Usipomtilia shaka, atafika Darasa la Saba akiwa kijani, atapewa cheti kizuri, na atakuwa hajui nusu ni nini mpaka azeeke."

"Najua, mwalimu. Nimekuja uniambie nifanye lipi."

Luvanda alitazama dirishani. "Mimi mwaka juzi niliwapumzisha watoto wa dada yangu. Mapacha. Nyumba ileile ninayokula Krismasi. Unafikiri nilimudu vipi kusimama pale na kuwabandua vipuli? Unafikiri kuna mwalimu hapa anayemudu?" Akaonyesha juu kwa kidole, kwenye kelele za bati. "Mimi huwaza mvua. Nikiwa mdogo, nimejifunika blanketi, inanyesha juu ya bati. Basi. Hakuna kinachouma."

Betrida alielewa polepole. "Taa yako," alisema.

"Taa yangu, ya mwalimu mkuu, ya Mkufunzi Kabuje wako. Ulidhani wewe ndiye uliyeligundua? Wewe umewapa watoto tu. Sisi hatukuwahi kuwapa watoto." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza, na kijani kikapepesa, njano kidogo. Kisha alishusha pumzi, na kijani kikarudi. "Nenda nyumbani ule viazi vyako, binti. Mwaka huu Lihanje haipumzishi mtoto hata mmoja. Wazazi wanatubariki."

*

Aliamua njiani, mvua ikimlowesha, na aliamua kwa uchungu wote aliokuwa nao. Angemtilia shaka. Kule kwenye pareto Lusiana angepata angalau baridi, na njaa, na kazi ngumu, na vitu hivyo vingemrudishia maumivu yake. Angejua tena kwamba hajui. Na Betrida aliapa kwamba kila Jumamosi atapanda mlima kumfuata, akiwa na kiazi na kisu, mpaka siku mtoto atakapokunja uso na kusema, lakini siyo, eeh? Cheti wakitaka wachukue. Baba akitaka kusimama tena kanisani kulifuta tangazo lake, asimame. Na Mama Lusiana, ambaye angempigia magoti yeye sasa, na si kwa shukrani, angemwambia ukweli usoni.

Asubuhi aliingia darasani na kiazi mfukoni mwa koti.

"Shikamoo, mwalimuuu!"

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Miwani ilimwonyesha kijani kutoka ukuta hadi ukuta, kama shamba la chai. Hakuna kipuli kilichokuwa kinanong'ona. Wote walikuwa wamemaliza. Walikuwa wamekunja mikono juu ya madawati, wengine macho nusu yamefumbwa, wakipuliza taratibu, na ukimya wao ulikuwa mzito mpaka alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye paa. Lusiana, dirishani, alimpungia mkono.

Betrida aligusa ukingo wa miwani.

"Lusiana Tweve. Natilia shaka."

Sauti ya Mwenza ikaja sikioni mwake, ya upole. "Moyo wako unakwenda mbio, mwalimu. Tulia, kisha useme tena."

Alishika meza. Alihesabu mpaka kumi. "Natilia shaka."

"Moyo wako unakwenda mbio, mwalimu. Tulia, kisha useme tena."

"Nimesema natilia shaka! Huyu mtoto hajui! Hakuna anayejua humu!"

Watoto walimtazama bila hofu. Mwenza akarudia yaleyale, kwa sauti ileile, na Betrida akaona hawezi. Jinsi jambo lilivyokuwa zito ndivyo moyo wake ulivyozidi kupiga, na jinsi moyo ulivyozidi kupiga ndivyo alivyozidi kutoaminika. Kulikuwa na njia moja tu. Aliijua vizuri, ndiye aliyeifundisha. Alijiambia: mara moja, kwa ajili yake, mpaka niseme yale maneno mawili, kisha nitarudi kuumia kama kawaida.

Akafumba macho. Usiku, Ludewa. Amelowa mpaka mifupa, anabisha hodi. Ndani kuna mwanga chini ya mlango. Miguu ya mama inakuja ikiburuta ndala. Komeo linavutwa.

Mabega yakalegea. Pumzi ikashuka yenyewe.

"Sasa umetulia, mwalimu," alisema Mwenza. "Unatilia shaka?"

Betrida alifungua macho. Mbele yake waliketi watoto wasafi, wenye utulivu, waliokunja mikono vizuri. Yule wa dirishani alikuwa anatabasamu, mashavu yamepona. Alitafuta kitu kooni, mahali ambapo siku hizi zote hata chakula kilikuwa hakipiti, na hapakuwa na kitu. Palikuwa pazuri tu. Alijua kwamba kulikuwa na neno alilokuja kulisema, na alilikumbuka neno lenyewe, ila sababu yake ilikuwa imekaa mbali, ng'ambo ya mlango, nje kwenye mvua, na ndani kulikuwa na joto.

"Hapana," alisema.

"Asante, mwalimu."

Alisimama kidogo akiwatazama. Kisha swali likamtoka, lile la zamani.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimuuu!"

Safari hii taa na sauti vilisema kitu kimoja, naye alifurahi kweli. Jioni, alipovua koti, alikuta kiazi mfukoni na hakukumbuka alikibeba cha nini. Akakimenya, akakichemsha na chumvi, akakila. Kilikuwa kitamu.